Chupa ya Nyota Mbili

3 Machi

Mvua imeanza, na Jicho naye ameanza. Kabla sijamaliza kufagia ua alikuwa keshachukua koleo na gunia, kateremka ukingoni nyuma ya nyumba. Huyo ndiye mume wangu. Jina alipewa na baba yake, lakini Jicho alipewa na kiwanda, na la kiwanda ndilo lililobaki.

Muuguzi wa kliniki ya presha ameniambia niandike kila siku nilichokula na nilivyolala. Haya. Chai, mkate, maharage. Nimelala vizuri mpaka wifi alipoanza kukohoa.

6 Machi

Muuguzi hakuniambia nisiandike mengine.

Nyumba yetu imejengwa juu ya jalala la zamani la kiwanda cha bia. Tulijua hilo tangu tunachimba msingi. Nyuma ya chumba cha wifi ardhi inashuka ghafla mpaka mferejini, na ukiukata ukingo huo unakuta chupa zimelala tabaka juu ya tabaka. Juu kabisa ni plastiki za watu wa leo. Chini yake chupa za kahawia za enzi zetu, zile za vizibo vya bati. Chini zaidi chupa nzito za kijani zenye viputo ndani ya kioo. Kila mvua inaosha udongo kidogo, chupa zinachungulia, na Jicho anateremka kuzipokea kama wageni wake.

Leo kaleta tatu. Kaziosha kwenye karai, huku akipitisha kidole gumba kwenye mshono unaopanda ubavuni mwa chupa. "Mshono ukiishia shingoni," anasema, "jua mdomo ulibandikwa kwa mkono. Hii ni ya kabla ya mashine." Nimeyasikia hayo tangu anioe. Nikamwambia wangu nao ni mdomo wa zamani, na umechoka kumwita mtu aje ale.

7 Machi

Chai, mkate. Mvua.

9 Machi

Wifi ameamka na kisirani. Ni dada mkubwa wa Jicho. Mama yao alipofariki ndiye aliyemlea, na tangu afiwe na mumewe anaishi nasi kwenye chumba cha nyuma. Chumba hichohicho ndicho ghala la chupa. Rafu zimejaa ukuta mzima, kutoka sakafuni hadi juu. "Maisha yangu yote sijaonja pombe," analalamika, "na uzeeni nalala baa." Lakini mgeni akiingia, yeye ndiye wa kwanza kumvuta mkono akazione. "Kazi ya mdogo wangu hiyo. Jicho hili nimelilea mimi."

Leo natandika kitanda chake nimeona ufa kwenye ukuta wa nyuma. Unaanzia kona ya dirisha na kushuka nyuma ya rafu. Ni mwembamba, lakini ncha ya kisu inaingia.

10 Machi

Nimemwambia Jicho kuhusu ufa. Akaja kuutazama kwa utaratibu wake wote.

Lazima nieleze kazi yake, maana bila hiyo mtu hataelewa kwa nini tulisimama kama tuko mbele ya hakimu. Kiwandani alikuwa mkaguzi wa chupa. Chupa zikishaoshwa zilipita mbele ya ubao mweupe wenye taa nyuma yake, na mkaguzi alikaa hapo kutafuta ufa, uchafu, mdomo uliomeguka. Mikono nyuma, kugusa marufuku. Filimbi ikilia unampisha mwenzako, kwa sababu macho yakichoka yanaanza kuona yanachokitarajia. Mimi pia nilikaa pale kwa muda, nikahamishiwa kwenye lebo baada ya kupitisha chupa mbovu mara mbili. Yeye hakupitisha hata moja. Mameneja walibadilika, wenye kiwanda walibadilika, Jicho alibaki mbele ya taa mpaka siku geti lilipofungwa.

Basi akasimama mbele ya ukuta, mikono nyuma, kichwa kimeinama upande kidogo. Tukasubiri.

"Nywele tu," akasema. "Plasta inakauka."

"Inakauka wakati wa mvua?" nikauliza.

Wifi akanikata jicho. "Wewe wifi yangu, kazi yako ilikuwa gundi. Mwache mwenye kazi aseme."

12 Machi

Jioni kanieleza tena habari za ndugu wawili walioanzisha kiwanda. Walianza na sufuria mbili na punda mmoja, na chupa zao za kwanza zilikuwa na nyota mbili zilizonyanyuka begani, nyota moja kwa kila ndugu. Wakagombana. Wengine wanasema ni kwa ajili ya kisima, wengine wanasema mwanamke. Mdogo akaondoka, na mkubwa akaamuru kila chupa ya nyota mbili ivunjwe na kutupwa. Kuanzia hapo bia ikawa ya nyota moja, na ndiyo hiyo watu wote waliyoijua.

Jicho ana vipande vya begani, ana kitako kimoja, lakini nzima hana. Anaamini ipo moja iliyomponyoka mvunjaji. Anaitafuta huko chini, kwenye tabaka la mwisho, karibu kabisa na msingi wetu.

"Ukiipata?" nikamuuliza.

"Nitajua kwamba niliyaona yote," akasema.

Nimelala vibaya.

14 Machi

Nimemwita fundi mwashi kwa siri, Jicho akiwa ukingoni. Ni mtu wa makamo, mpole, ndiye aliyetujengea choo. Akapiga ukuta kwa ngumi, akatoka nje kutazama chini, akarudi uso umebadilika.

"Mama, mzee anachimba wapi hasa?"

"Hapo unapoona."

Alikuwa bado anakuna kidevu Jicho alipoingia na tope mpaka magotini. Akamsalimia fundi kwa jina la mshonaji wa jirani, mtu mfupi asiyefanana naye hata kidogo. Nikaona haya. Fundi akacheka tu, akauliza kuhusu ufa.

"Nywele," Jicho akasema.

"Kama mzee kasema nywele, mimi nani?" Lakini kabla ya kuondoka, kwa kuwa nilimkazia macho, alichukua kipande chembamba cha kioo cha dirisha akakibandika kwa saruji kukatiza ufa, ncha moja huku, nyingine kule. Akaninong'oneza mlangoni: "Ukuta ukisogea, kioo kitavunjika. Kikivunjika, mtoeni bibi humo siku hiyohiyo."

15 Machi

Kioo kizima. Chai, mkate.

16 Machi

Kizima.

17 Machi

Kizima. Mvua kutwa. Jicho amemwaga chai nje ya kikombe, akasema kikombe kimekaa vibaya. Tangu lini kikombe kikakaa vibaya? Nikafuta meza kwa hasira.

18 Machi

Kizima. Kaleta chupa ya kijani, ananiambia nimsomee maandishi ya ubavuni, eti miwani kaacha chumbani. Nikamwambia miwani iko kichwani. Akacheka, akaishusha, kisha akanirudishia chupa nisome hivyohivyo. Uzee unamletea uvivu.

19 Machi

Nimemkataza kuchimba. Tumegombana vizuri, wifi akiwa mshangiliaji wake. Nilimwambia anaila nyumba kutoka chini kama mchwa. Akasema nyumba imesimama juu ya chupa hizo miaka yote na wala hazijalalamika.

21 Machi

Kioo kimevunjika.

Nimekikuta asubuhi, kimekatika katikati, safi, na kati ya vipande viwili kuna nafasi ya unene wa sarafu. Nikamwamsha wifi. Yeye macho yake yana ukungu, haoni hata uzi wa sindano. Akasema, "Mwite Jicho."

Jicho akaja. Mikono nyuma. Kichwa upande. Mvua ilikuwa imesimama kidogo, na mwanga wa dirishani ulipiga kwenye kile kioo moja kwa moja, mpasuko wote unang'aa. Hata mtoto angeuona.

"Kizima," akasema.

Wifi akarudi kwenye blanketi lake. "Umesikia? Sasa niacheni nilale."

Nilibaki nimesimama na ufagio mkononi. Mume wangu anaweza kunidanganya kuhusu mambo mengi. Amewahi kunidanganya kuhusu maji yaliyomwagika, kuhusu alikokuwa, kuhusu kupenda mapishi yangu. Lakini kuhusu kioo hawezi. Hajawahi. Hata meneja alipomwomba siku moja azipitishe chupa mbovu ili mzigo ukamilike, alikataa akawa tayari kufukuzwa. Kwa hiyo hakunidanganya.



22 Machi

Nimemsubiri mpaka wifi alipokwenda kuoga. Nikamkalisha barazani, nikakaa mbele yake.

"Nimevaa nguo ya rangi gani?"

"Ile yako."

"Ipi?"

 Mvua ikawa inaongea peke yake juu ya bati.

"Tangu lini?" nikauliza.

"Tangu mvua za mwaka jana." Alisema taratibu, kama anayemweleza daktari. "Katikati hakuna kitu. Kuna doa tu. Pembeni naona. Ukisimama mlangoni nakuona mwili, nikikugeukia unapotea uso."

Nikafikiria mwaka mzima wa vikombe, miwani, salamu kwa watu siyo. Kila mara nilimfokea. Nilitaka kumshika mkono, nikajikuta namfokea tena: "Ulisimama mbele ya ule ukuta! Mara mbili! Ukasema nini pale?"

"Nilisema ninachoona."

"Huoni kitu!"

"Ndiyo. Sikuona ufa." Akainamisha kichwa. "Walikuwa wananingoja niseme. Dada alikuwa ananingoja."

Nikamwambia aende sasa hivi, amwambie dada yake ahame chumba. Akanishika magoti. Mume wangu hajawahi kunishika magoti. "Nipe siku chache. Usimwambie wewe. Dada aliuza nguo zake nikasome, na kitu pekee alichopata kwangu ni hili jicho la kujisifia. Nitamwambia mwenyewe, kwa maneno yangu."

Nikasema sawa. Nilimwonea huruma, na nilimpenda sana pale alipokaa, ameloa, mzee. Nikasema sawa.

23 Machi

Nimejaribu njia zangu. Nimemwambia wifi kuna panya chumbani, akasema wako mpaka jikoni. Nimemwambia chumba kina unyevu utamharibia kifua. Nimemwambia hata ukweli nusu: kioo kimevunjika, nimekiona kwa macho yangu.

"Macho yako," akasema kwa upole kabisa, na upole wake ndio mbaya zaidi, "walikutoa nayo mbele ya taa, wifi yangu. Siyo dhambi. Kila mtu na kipaji chake."

"Lala sebuleni siku mbili tatu tu."

"Nilale sebuleni kama mgeni? Mdogo wangu kasema kizima. Siku akisema kimevunjika nitabeba kitanda hiki mwenyewe kichwani."

Nimetuma mtu kwa fundi mwashi, aje akitazame kioo. Jibu limerudi jioni: yuko kwenye jengo la mbali, na kama Jicho amekitazama akasema kizima basi hakuna haraka, atapita mvua ikikatika.

24 Machi

Ufa unaingiza kidole. Jicho nimemzuia kuchimba, amekaa barazani kutwa. Kila nikimwangalia anasema, "Kesho."

25 Machi

"Kesho."

26 Machi

Jua! Nimeanika magodoro. Wifi katoka nje, kaota jua miguuni, kaimba. Tumecheka sote watatu kwa sababu jogoo wa jirani aliteleza kwenye tope akainuka akitazama kulia na kushoto kama ameibiwa. Nikajiambia labda tumepona. Jicho kasema kesho asubuhi, baada ya chai, atamwambia. Safari hii niliamini, kwa sababu alinyoa ndevu.

27 Machi

Asubuhi, kabla ya chai, aliteremka ukingoni. Anasema alikwenda kujipa moyo. Nilisikia sauti yake tu, sauti ambayo sijawahi kuisikia, nikakimbia nikidhani ameumia.

Alikuwa amepiga magoti kwenye tope, ameikumbatia. Kijani, nzito, nzima kuanzia mdomo hadi kitako, na begani nyota mbili zimenyanyuka bega kwa bega. Aliipata kwa vidole. Ilikuwa chini kabisa ya kona ya chumba cha wifi, na pale ilipotoka palibaki shimo la kuingiza mkono mpaka kwapani, maji yanatiririka ndani.

Mtu huyu alilia. Na mimi nililia, sisemi uongo. Alinipa niishike na kuniuliza kila kitu: rangi yake ikoje kwenye mwanga, viputo vingapi, nyota zimelingana? Nikamwambia zimelingana.

Wifi akatoka na fimbo yake, akaambiwa, akapiga kigelegele mpaka mshonaji akatoka dukani kwake na futi shingoni. Halafu ua wote ukajaa. Wifi alikaa kwenye kiti katikati yao, chupa mapajani. "Mnaona? Watu wamechimba hapa miaka na miaka, nani kaiona? Jicho! Mtoto huyu alikuwa anaokota sindano gizani. Mimi ndiye nimemlea."

Nilimtazama Jicho. Alikuwa amesimama nyuma ya kiti cha dada yake, anatabasamu, na tabasamu lilikuwa linatetemeka. Watu walipoondoka nikamvuta jikoni.

"Mwambie."

"Leo?" akasema. "Umemwona alivyokuwa? Nimpe leo tu. Kesho asubuhi, nakuapia."

Nilikuwa na maneno yote mdomoni. Ningeweza kutembea hatua chache tu mpaka mlango wa wifi nikayasema. Nikageuza chapati. Mawingu yamerudi.

28 Machi

(Naandika haya tarehe 30. Siku yenyewe sikuweza.)

Mvua ilianza alfajiri, haikuwa na upepo wala radi, maji tu yanamwagwa. Asubuhi wifi alikuwa na homa kidogo, Jicho akasema dada akishapata nafuu ndipo atamwambia. Mchana wifi alikula vizuri, akasifu mchuzi, jambo ambalo halijawahi kutokea, akaenda kujilaza.

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Jicho alikuwa barazani na chupa yake. Kitu cha kwanza nilichosikia ni chupa za chumbani zinagongana, polepole, kama zilivyokuwa zinagongana kwenye mkanda wa kiwandani. Nilijua ile sauti. Nikaacha sahani nikakimbia, nikapiga kelele, "Wifi! Toka! Wifi!"

Akanijibu. Alisema, "Nini tena?" kwa ule uchovu wake wa kunichoka mimi. Nilikuwa nimeshika kitasa.

Ukuta haukuanguka, uliondoka. Nilifungua mlango nikaona mvua mahali palipokuwa na rafu. Sakafu ilikatika mbele ya miguu yangu, na kitanda, ukuta, rafu na chupa zote vilikuwa vinashuka kwenye mfereji pamoja na udongo.

Watu walikuja. Walichimba kwa makoleo, kisha wakaogopa makoleo wakachimba kwa mikono, na tope lote lilikuwa limejaa vioo. Kila aliyeingiza mkono aliutoa na damu. Jicho aliteremka kabla ya wote. Walimwambia, "Mzee, angalia vioo, angalia pale!" na yeye alikuwa anapapasa tu, anapapasa, viganja vimechanika, anaita dada, dada.

Walimtoa jioni. Hakuwa na jeraha usoni.

31 Machi

Tumemzika. Mvua imetuacha tumalize.

2 Aprili

Tuko kwa mshonaji, katupa chumba cha duka. Serikali ya mtaa imeweka kamba kuzunguka nyumba yetu. Watu bado wanakuja kutoa pole, wanaume wanakaa nje kwenye mabenchi, sisi wanawake ndani kati ya vitambaa.

Leo amekuja fundi mwashi. Alisimama muda mrefu bila kukaa. Nilimsikia dirishani.

"Mzee, mimi sikuja kukulaumu. Lakini usiku silali. Nilikiweka kile kioo kwa mkono wangu. Nilitumiwa habari kwamba umekitazama, ukasema kizima. Juzi nimekiokota kwenye kifusi. Kipande kimoja kimebaki na saruji yake, na mkato wake una tope kavu la siku nyingi. Kilikuwa kimevunjika zamani. Uliona nini, mzee?"

  Nilikuwa na sinia ya vikombe, nikaiweka chini nisije nikaiangusha.

Jicho akasimama. Mikono yake imefungwa bandeji, akaiweka nyuma, kwa mazoea.

"Sikuona kitu," akasema. "Mimi sioni. Mwaka sasa. Wewe hapo ulipo sikuoni, nimekujua kwa sauti. Nilisimama mbele ya ukuta nikasema kizima kwa sababu nilizoea kusema, na kwa sababu nyote mlizoea kuniamini. Dada yangu nimemuua mimi."

Mtu mmoja akasema, "Usiseme hivyo, mzee." Mwingine akauliza, kwa sauti ya chini, "Na nyumbani hawakujua?"

Nilishika ukingo wa meza ya cherehani.

"Hakuna aliyejua," Jicho akasema. "Hata mke wangu nilimficha."

Wanawake wakanigeukia wote kwa pamoja. Walikuwa wanalia. Mke wa mshonaji akanikumbatia, akaniegemeza begani mwake, akanipapasa mgongo kama mtoto. "Pole, mama. Pole sana. Kumbe na wewe ulikuwa hujui masikini."

Nikasema asante.